Kununua ska: tazama mwaka wa kurekodiwa kabla hujatoa pesa

Wasomaji wananiandikia kuhusu ska, muziki wa kuchezea wa Jamaika, na malalamiko yao yanafanana: "Dada, nimenunua CD ya ska, majina ni yale yale uliyoyataja, mbona haina ladha?" Mmoja aliagiza kutoka Uingereza, akalipa nauli ya posta, akalipa na ushuru. Alipoiweka kwenye redio akakutana na kinanda cha umeme kinachojifanya tarumbeta. Sauti ilikuwa ya mwimbaji mwenyewe kabisa, ila sasa ni mzee, anaurudia wimbo alioutoa akiwa kijana. Jaladani wamebandika picha yake ya ujanani. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na ndiko kulikonifanya niandike mwongozo huu.

Habari za mikwaruzo, uzito wa santuri na idadi ya nyimbo mnazijua, sizigusi. Ninachotaka mkitazame ni hiki: je, jalada linasema wimbo ulirekodiwa mwaka gani, studio gani, na waliopiga ni akina nani? Lisiposema, rudisha rafuni.

Nasisitiza mwaka kwa sababu ska yenyewe ya Jamaika ilidumu muda mfupi sana. Ilichipuka Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, ikavuma nchi ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, na kufikia 1966 ilikuwa imeshapunguza kasi na kugeuka rocksteady. Wengi waliosimamia kurekodi walikuwa wenye mitambo ya muziki wa kuchezea mitaani: Clement "Coxsone" Dodd, Duke Reid, Prince Buster. Mara nyingi mwimbaji alilipwa ujira wa mara moja, kanda ikabaki kwa mwenye studio. Miaka ilipopita na nyimbo zikaendelea kuuzwa, waimbaji waliona hawapati kitu, wakaingia studio upya na bendi nyingine. Siwalaumu hata kidogo, walikuwa wakitafuta haki yao. Desmond Dekker alifanya hivyo mwaka 1980 kwenye albamu ya Black and Dekker, akipigiwa na bendi ya Kiingereza, The Rumour, na albamu ile haikumficha mtu kitu. Ninaowalaumu ni wanaochukua nyimbo za kurudiwa, wakazichanganya na picha za 1964, wakaandika "waimbaji halisi" kwa herufi kubwa. Huo ni muziki uliochakachuliwa.

Sikio nalo litakusaidia, ukipata nafasi ya kusikiliza kabla ya kulipa. Gonga mguu chini kufuata mdundo. Gitaa na piano ya ska zinalia pale mguu unapoinuka, si unapotua. Chini yake besi inatembea bila kusimama, kwa mwendo wa jazi. Ngoma inagongwa kwa ukali kwenye pigo la pili na la nne. Halafu sikiliza matarumbeta. Siku zile bendi nzima ilipiga pamoja chumba kimoja, kwa hiyo utasikia pumzi ya mpigaji, utasikia saksafoni ikichelewa kidogo nyuma ya tromboni, na ngoma ikivuma ndani ya sauti zote. Kwenye nyingi za kurudiwa, kila noti inakatika kama iliyokatwa kwa kisu, na ngoma haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Sekunde 20 zinatosha.

Sasa tununue nini?

Namba moja ni Foundation Ska ya The Skatalites, CD mbili zilizotolewa na kampuni ya muziki ya Heartbeat ya Marekani mwaka 1997. Ndiyo, Heartbeat ndiyo chapa ninayoipenda, na naipendelea waziwazi. Walichukua kazi za Studio One, studio aliyoifungua Coxsone mwaka 1963, wakazitoa kwa heshima, na kijitabu cha ndani unakisoma ukajua unamsikiliza nani. The Skatalites walianza rasmi mwaka 1964 na kuvunjika Agosti 1965, lakini katika muda huo mdogo ndio waliowapigia karibu waimbaji wote wa Kingston. Kadhaa kati yao, kina Tommy McCook, Johnny Moore, Lester Sterling na Don Drummond, walifunzwa muziki katika shule ya Alpha, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki kwa ajili ya watoto wa kimaskini, chini ya ulezi wa Sista Mary Ignatius. Msikilize Drummond kwenye tromboni. Ni sauti nzito, yenye huzuni, juu ya mdundo ambao kila mtu anauchezea. Januari 1965 alikamatwa kwa kumuua mpenzi wake, mcheza dansi Anita Mahfood, na alifia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1969. Bendi haikumaliza hata mwaka baada ya yeye kukamatwa.

Ukiipenda hiyo, chapa hiyohiyo ina Ska Bonanza, yenye waimbaji mchanganyiko, na One Love at Studio One ya The Wailers, ambako utamkuta Bob Marley kijana na "Simmer Down". Zote ni za 1991, na zote za kutafuta mitumbani.

Namba mbili ni albamu ya kwanza ya The Specials, bendi ya Uingereza iliyoifufua ska, ya 1979, chini ya chapa ya 2 Tone aliyoianzisha Jerry Dammers mjini Coventry. Bendi ilikuwa ya weusi na weupe pamoja, wakati Uingereza ina ubaguzi wa mchana kweupe na vijana hawana kazi. Nyimbo kadhaa wamezichukua Jamaika, lakini hapa hakuna aliyedanganywa, maana walizipiga kwa jina lao na kwa hasira yao. Tena kwenye "A Message to You Rudy" walimwita Rico Rodriguez, mwanafunzi mwingine wa Alpha, apige tromboni, na Rico huyohuyo ndiye aliyepiga kwenye wimbo wa asili wa Dandy Livingstone mwaka 1967. Angalizo la mnunuzi: "Gangsters" haimo kwenye toleo la kwanza la Uingereza, imo kwenye la Marekani. "Ghost Town" ilitoka kama wimbo wa peke yake mwaka 1981, kwa hiyo usiitafute kwenye albamu hii.

Baada ya hapo chukua Too Much Pressure ya The Selecter, ya 1980, kwa ajili ya mwimbaji wao Pauline Black tu hata kama si kwa kingine. Bendi za Madness na The Beat, za Uingereza vilevile, ni nzuri na hawana shida ya kupatikana. Ska ya Marekani iliyochanganywa na punk, kuanzia Energy ya Operation Ivy ya 1989 hadi The Mighty Mighty Bosstones, inawafaa wapenda magitaa ya kelele. Mimi si mmoja wao.

Mikusanyo ya bei chee yenye nyimbo 50? Mingi haitaji mwaka. Nimemaliza.

Bei nayo haishikiki. Santuri ndogo ya 1964 yenye lebo tupu isiyoandikwa chochote inaulizwa pesa za kodi ya nyumba, eti kwa sababu ni adimu, na anayeiuza hawezi kukuhakikishia ni chapisho la wakati ule au la juzi. Kuna muuzaji alimwandikia msomaji wangu kwamba santuri ni "kama mpya". Ilipofika ilikuwa imepinda kwa jua, na akajibiwa kwamba posta ndiyo yenye makosa. Huduma za kusikiliza mtandaoni nazo mara nyingi huonyesha mwaka mkusanyo ulipotolewa, kwa hiyo wimbo wa 1964 unasomeka 2009, na wa kurudiwa unakaa ubavuni mwake bila alama yoyote. Kabla ya kutuma pesa, mwandikie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya jalada, maandishi madogo ya chini yakisomeka. Mwenye mali safi hashindwi kupiga picha moja.