Pikipiki ya kubeba kolisi Goma: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mteja wa kolisi, yaani mizigo ya kufikishiwa, haulizi umepanda pikipiki gani. Anachojua ni kwamba sambaza zake, wale samaki wadogo wa ziwani, zilishuka bandarini saa tatu asubuhi, na saa sita bado hazijafika mtaani kwake Katoyi. Nimefanya kazi hii Goma, mashariki mwa Kongo, miaka saba. Nilianza na pikipiki ya mtu, ambaye kila jioni nilimpelekea vereseman yake, yaani hesabu ya siku, kisha nikapata yangu, na leo nina vijana watatu barabarani. Kila nikienda kununua nyingine, hesabu yangu haianzi na nguvu ya injini wala bei ya dukani. Naanza na swali hili: ikiniharibikia asubuhi pale mtaa wa Ndosho, jioni itakuwa inatembea?

Motari (dereva wa pikipiki) wa abiria akikwama, abiria anashuka na kusimamisha mwingine. Wa kolisi akikwama, mzigo wa watu uko mgongoni kwake, simu inalia, na mteja aliyemkosea leo kesho anampigia mwenzake. Kwa hiyo upatikanaji wa vipuri Birere, mtaa wetu wa biashara, naupa uzito kuliko mambo mengine yote.

Jambo la pili ni mji wenyewe. Tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilikata katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya Mei 2021 ilifika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Barabara kubwa zina lami, lakini ukiiacha lami kuingia ndani ya Mabanga, Majengo au Ndosho, tairi linakanyaga mawe meusi yenye makali, na kolisi nyingi zinaishia huko ndani. Vumbi lake nalo si la udongo. Ni mchanga mweusi unaosaga cheni na pinyo (gia ndogo inayovuta cheni) kama msasa, na filta ya hewa isiposafishwa, injini inaunywa mchanga huo.

Halafu tuko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini inapoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Pikipiki ya cc 100 inayobeba vizuri Dar es Salaam, hapa inavuta kama ya cc 86. Ndiyo maana siwashauri vijana wangu wachukue za cc 100, hata kama bei inavutia. Kwa bahasha na simu zitatosha. Kwa gunia la viazi kutoka Kibumba hazitoshi.

Ya kwanza: TVS HLX 125

Kwa mtu anayezunguka mjini kutwa, kutoka bandarini hadi Kyeshero, kutoka Himbi hadi Mugunga, hii ndiyo naiweka juu. Injini yake ni ya cc 124.5, haina mambo mengi, na fundi wa kwetu anaifungua bila kukuna kichwa. Sahani za klachi, kebo, viatu vya breki, bujie (plagi), seti ya cheni na pinyo, vyote unavipata asubuhi na mchana uko barabarani. Hilo peke yake lingetosha kuipa nafasi ya kwanza.

Inakunywa kidogo pia. Ikiendeshwa kwa utulivu, hesabu lita 2 hivi kwa kilomita 100. Chukua mtu anayetembea kilomita 80 kwa siku, siku 26 za mwezi. Pikipiki ya lita 2 kwa kilomita 100 itamla lita 42 hivi, na ya lita 3 itamla 62. Hizo lita 20 za tofauti zidishe kwa bei ya chupa ya kadafi, yaani muuza petroli wa mtaani kwako, utaona kwamba kwa mwaka umenunua tairi, mafuta ya injini na bado kuna kitu cha kupeleka nyumbani.

Udhaifu wake uko kwenye mzigo mzito na mlima kwa pamoja. Ukishafunga kilo 60 nyuma na kupanda Kibumba, utashika gia ya pili muda mrefu na injini itachemka. Kama hiyo ndiyo njia yako ya kila siku, angalia ndugu yake, HLX 150, au nenda kwenye nafasi ya pili.

Zinakuja na rimu za aina mbili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanakosea. Rimu ya aluminiamu inapendeza na haihitaji kukazwa. Lakini ikipiga jiwe la lava kwa pembeni, inapinda mdomo au inapasuka, na mpasuko wa aluminiamu ndio mwisho wake, unanunua mpya. Rimu ya rayo, yaani yenye spoki, ikipiga jiwe lilelile inalegea rayo mbili au tatu. Fundi anaigeuza kwenye ekseli yake, anaweka kidole karibu na mdomo wa rimu kuona inapocheza, anakaza hapa, analegeza pale, na katika nusu saa umeondoka. Nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja karibu na soko la Virunga nikimwangalia akifanya hivyo kwa kusikiliza tu. Anagonga kila rayo kwa spana ndogo, ile inayolia kwa sauti nzito anajua imelegea. Chukua ya rayo.

Ya pili: Bajaj Boxer 150

Kama kolisi zako ni katoni, magunia, bidoni (madumu), na njia yako ni Sake au kupanda kuelekea Rutshuru, igeuze orodha hii na uweke Boxer juu. Injini ya cc 144.8 inavuta kwa mzunguko wa chini bila kulalamika, siti ni ndefu, na sehemu ya nyuma inavumilia. Vipuri vyake pia vinapatikana bila shida, na tairi zake ni za inchi 17 kama za HLX, kwa hiyo wenye pikipiki mbili tofauti wanaweza kuweka tairi moja la akiba nyumbani.

Kwa nini basi si ya kwanza? Inakunywa zaidi na ni nzito. Uzito huo huuhisi kwenye lami. Utauhisi unapoisukuma kutoka kwenye shimo la mawe Majengo, mvua inanyesha, na mteja anakupigia simu kwa mara ya tatu. Kwa kijana mwembamba wa miaka ishirini anayebeba bahasha na nguo, Boxer ni kujichosha bure.

Ya tatu: ya Kichina yenye injini ya mtindo wa CG

Nyingi za Kichina zinazouzwa kwa bei nafuu, ukivua jina lililobandikwa kwenye tangi, ndani yake kuna uzao wa injini moja: Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inafanya kazi nzito na matunzo ni haba. Haina cheni ya ndani ya kuendesha vali kule juu. Vali zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Inapiga kelele, haipendi mbio, lakini inasamehe mengi. Fundi aliyejifunza kazi kwenye moja anazijua zote.

Tatizo langu na hizi haliko kwenye injini. Liko kwenye vitu vinavyoizunguka: waya za umeme nyembamba, boliti laini zinazokwisha meno mara ya pili ukizifungua, amotiseri (shokabzoba) zinazovuja mapema, chuma cha fremu kilichochomelewa haraka. Mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Na rimu nyingi ni za inchi 18, kwa hiyo usiazime tairi ya jirani mwenye TVS. Ukiwa na fedha kidogo na unataka kuanza, nunua mpya, si ya mkono wa pili, halafu wiki ya kwanza mpelekee fundi akaze kila boliti na afunge upya waya zote. Hapo unaweza kufanya nayo kazi miaka miwili kwa heshima.

Ya nne: Yamaha AG100 na nyingine zilizotoka kwenye mashirika

Najua mvuto wake. Zinatunzwa vizuri, zinauzwa mashirika yanapobadilisha vifaa, na AG100 imejengwa kwa mashamba: karie (kibebea mizigo) mbele na nyuma, na cheni imefunikwa yote, jambo ambalo kwa vumbi letu ni neema. Kwa njia za vijijini siipingi hata kidogo.

Kwa kolisi za mjini naiweka mwisho. Injini yake inachoma mafuta maalum pamoja na esansi (petroli), na tangi dogo la mafuta hayo likikauka bila wewe kuona, pistoni inakamata. Inakunywa esansi kuliko za juu. Na kipuri chake halisi utakisubiri siku, wakati mwingine wiki. Rudi kwenye swali langu la Ndosho.

Skuta zenye rimu ndogo sizipi nafasi. Gurudumu dogo linaingia lote kwenye shimo ambalo la inchi 17 linavuka. Na kwa makaa au viazi magunia manne kuteremka mjini, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, bado inatushinda sote. Mwenye mzigo wa namna hiyo mwelekeze kwa mwenye chukudu, atakushukuru.

Karie, kabla hujaondoka dukani

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimebeba bidoni mbili za mawese, lita 20 kila moja, karibu kilo 37 zote. Karie yangu ilikuwa imefungwa kwenye chuma kinachoshika matigadi. Ndani ya Mabanga, kwenye mteremko mfupi, nikasikia mlio kama wa kuni inayovunjika. Nyuma ikawa nyepesi ghafla. Nilipogeuka, bidoni moja ilikuwa imepasuka na mawese yanatiririka juu ya mawe meusi, mekundu kabisa, yakiingia kwenye kila ufa, na watoto wanakuja na vikombe. Nilimlipa yule mama kidogo kidogo kwa miezi miwili. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, ningejua ningepanda mwenyewe."

Karie ifungwe kwenye fremu yenyewe, kwa boliti, pande zote mbili, na miguu yake iteremke mpaka karibu na zinapofungwa amotiseri za nyuma. Sanduku likae juu ya ekseli, lisirudi nyuma yake. Mzigo ukirudi nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima wenye mawe usukani haukusikii tena. Usikubali kuchomelea kwenye fremu bila fundi wa uhakika, maana joto la kuchomelea linadhoofisha bomba la fremu pembeni mwa weldi, na hapo ndipo linapokatika baadaye.

Angalia pia kama ina kiki. Kazi ya kolisi ni kuzima na kuwasha mara arobaini kwa siku, na betri ndogo inayochaji na simu yako itachoka kabla ya injini.

Kama ni ya mkono wa pili

Nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Iwashe kwa kiki ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaoendelea ni mafuta ya injini yanaungua. Mweusi ni karbureta, hilo linatengenezeka.

Isimamishe kwenye stendi ya katikati. Shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha. Inua mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi umekwama kidogo katikati, beringi za shingo zimeliwa na mawe. Usiamini namba ya kilomita, kebo yake inachomolewa kwa dakika moja. Angalia mpira wa kiki na wa kukanyagia miguu: pikipiki ya "kilomita elfu kumi" haiwezi kuwa na mpira uliolika mpaka chuma. Mwisho vua siti. Rangi mpya sehemu moja tu ya fremu inaficha ufa.

Kama ni mpya, kilomita 1,000 za kwanza beba bahasha tu, na badilisha mafuta ya injini mapema, kwenye kilomita 500 hivi. Weka filta ndogo kwenye mpira wa esansi, kwa sababu esansi ya chupa mara nyingine inakuja na maji na uchafu.

Na kabla fedha haijatoka mfukoni, piga magoti. Namba ya shasi iko kwenye shingo ya fremu, ya injini iko kwenye ubavu wake chini. Zisome kwa sauti, moja moja, huku mwenzako akifuata kwenye karatasi kwa kidole. Herufi moja ikitofautiana, funga mfuko uondoke, hata kama muuzaji anakuita "yaya", yaani kaka mkubwa, mpaka barabarani.