Uzoefu wangu: darasa la jioni la nahau za Kiingereza kwa tuliosoma kwa Kifaransa, Dodoma mjini

Ninaandika nikiwa bado nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira yangu. Hapa Dodoma mjini kuna kituo cha lugha, ambacho sitakitaja jina, kinachotangaza darasa la jioni la nahau za Kiingereza kwa watu waliosomeshwa kwa Kifaransa. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Kiswahili nimekulia, shule nimesoma kwa Kifaransa, na kazi yangu ya sasa ni makaratasi ya mizigo inayopita hapa kwenda Burundi na Kongo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, lakini barua nyingi zinazofika mezani kwangu bado ni za Kiingereza. Sarufi ninaijua. Kinachonitesa ni pale mtu anapotamka maneno ambayo moja moja ninayafahamu yote, kisha maana ya jumla ikanipita. Kwa hiyo nililipa ada kwa moyo mweupe.

Tulikuwa katika kipupwe, ule wakati ambao upepo wa Dodoma unavuma kutwa na vumbi linaingia hata kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja wa Bujumbura, mtu mzima ambaye angeweza kumzaa mwalimu wetu, na ambaye kila jioni alikuwa wa kwanza kufika. Siku hiyo alikuwa amepwelewa na sauti. Alipoitwa kusoma alisimama, akaomba radhi kwa Kiingereza, akasema ana paka kooni.

Aliyepita katika shule za Kifaransa hahitaji kuelezwa. Wafaransa husema "avoir un chat dans la gorge" mtu anapokwaruzwa na koo. Waingereza wana nahau iyo hiyo, ila wao kooni humweka chura: "a frog in the throat". Yule mama alikuwa amelenga mahali penyewe hasa. Alichokuwa anakosa ni kumbadilisha mnyama. Mwalimu anayelipwa kwa ajili ya watu wa namna yetu angeandika nahau zote mbili ubaoni, akashukuru kwa kupewa mfano mzuri kiasi hicho bila kuutafuta.

Yeye alicheka. Kisha akauacha Kiingereza na kuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: "Kumbe mama, huko kwenu paka ni kitoweo?" Wengine wakacheka pamoja naye. Mama alikaa polepole, na jioni hiyo hakuzungumza tena. Kipindi kilichofuata, wakati wa kuita majina, mwalimu alipofika kwake aliita "Mama Paka". Mama akasimama, akamwambia kwa utulivu, "Mwanangu, mimi nina jina langu, na nina wajukuu." Mwalimu akajibu kwamba ni utani tu, na kwamba watu wazima wasiwe na hasira za karibu. Mama alifunga daftari lake, akalitia kwenye mkoba, akatoka. Hajarudi.

Utani una wenyewe. Hapa katikati ya nchi watu wanajua vizuri nani ni mtani wa nani, na mgeni aliyekulipa umfundishe hawi mtani wako kwa sababu tu umeshika kalamu ya ubao. Mji ambao kijana akikutana na mzee hutangulia kusema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kabla ya neno lingine lolote haukumfundisha mwalimu huyu kumwita bibi wa watu paka.

Hata tukiweka adabu kando, ufundishaji wenyewe uliharibika pale pale. Aliyesoma kwa Kifaransa haanzi nahau za Kiingereza mikono mitupu, maana nyingi anazo tayari, zimevaa sura nyingine tu. Bidhaa ghali kwa Mfaransa hugharimu macho ya kichwani, kwa Mwingereza hugharimu mkono na mguu. Jambo lisilotarajiwa kutokea kamwe, Mfaransa hulingoja hadi kuku waote meno, Mwingereza hadi nguruwe waruke angani. Mtu akiondoka kimyakimya bila kuaga, Waingereza husema amechukua ruhusa ya Kifaransa, nao Wafaransa husema ametoroka kwa mtindo wa Kiingereza. Kila upande umemtwika jirani lawama. Tena yapo machozi ya mamba, ambayo lugha zote mbili zinayo na sisi Waswahili tunayo. Ukiianza njia hiyo, mwanafunzi anajenga juu ya msingi alionao. Ukimcheka mara ya kwanza anapojaribu, anaacha kuileta Kifaransa chake darasani, na kuanzia hapo anakariri orodha. Ndivyo tulivyokuwa baada ya siku ile: tunanakili orodha kimya, hakuna anayethubutu kutunga sentensi.

Na orodha zenyewe zilichanganywa na hadithi zisizo na uhakika. Kwa mvua kubwa Waingereza husema inanyesha paka na mbwa, Wafaransa husema inanyesha kamba. Mwalimu alitueleza kwa kujiamini kwamba zamani wanyama walilala juu ya paa za nyasi, mvua ikiwaporomosha. Asili ya nahau hiyo haijulikani kwa hakika, na hadithi ya paa imekwisha kukataliwa na wanaochunguza maneno. Nilipoinua mkono kusema hivyo niliambiwa nisipoteze muda wa wenzangu.

Hata hivyo, nitakuwa mwongo nikisema sikupata kitu. Jioni nyingine alikuwa anaingia mwalimu wa pili, dada mpole aliyejifunza Kifaransa mwenyewe, na kitini chake ndicho kitu bora nilichowahi kushika katika somo hili. Nahau za Kiingereza zimepangwa upande mmoja, za Kifaransa upande wa pili, na chini ya kila jozi ameandika nani anaweza kumwambia nani maneno hayo na wapi. Kwenye "kick the bucket" ameweka "casser sa pipe", na nikaelewa papo hapo jambo ambalo yule mwingine hakuligusa: zote mbili ni za mzaha, hazifai kwenye salamu za rambirambi, sawasawa na sisi ambavyo hatuendi msibani kusema marehemu amekata kamba. Fikiria mtu wa ofisi yangu anayeandika barua kwa mfanyabiashara aliyefiwa, naye ana orodha tu inayosema nahau hiyo maana yake ni kufa. Ukurasa mmoja wa dada yule umeniokoa na aibu ambayo ingeweza kuvunja biashara.

Nilipofika hapa katika kuandika nilikuwa karibu kusema nendeni, kituo kina mtu wa kufundisha. Ila nikakumbuka majibu ya ofisini. Nilikwenda na wenzangu kadhaa kuomba yule mama aombwe radhi. Mhusika alitusikiliza akiwa amesimama, akasema mwalimu huyo ni mchangamfu na wanafunzi wengi wanampenda, na kwamba mama akitaka kurudi mlango uko wazi. Tukauliza kuhusu ada ya vipindi asivyohudhuria. Tukaambiwa ada ikishalipwa hairudi.

Kwa hiyo siwezi kukipendekeza kituo, na siwezi pia kuwanyima watu kitini kile. Mwenye shida ya kweli na nahau hizi aulize mapokezi, kabla ya kutoa shilingi, ni jioni zipi anazofundisha yule dada, na alipie hizo tu kama watamkubalia; wasipomkubalia, aondoke. Mimi nimemnakilia mama kitini chote na kumpelekea nyumbani kwake. Ada yake, mpaka ninapoandika haya, haijarudishwa, na risiti anayo.