Mtunzi Asiyejulikana: Ukurasa Wake au Aya Katika Makala Kubwa?

Kwetu tunaoandikia kamusi elezo ya Kiswahili hapa Dar es Salaam, swali hili hurudi kila mara: mwanamke aliyetunga muziki zamani, na ambaye wengi hawamjui, apewe ukurasa wake au aya ndani ya makala ya taarab?

Kwa upande wa ushahidi, ukurasa unadai mengi zaidi. Louise Farrenc wa Ufaransa anaujaza bila shida, kwa kuwa alifundisha piano katika Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, kuanzia 1842 kwa takriban miaka thelathini na akaacha simfoni tatu. Siti binti Saad naye ana santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928, pamoja na wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Lakini mtunzi wa lelemama, ngoma ya vikundi vya wanawake wa pwani, ambaye nyimbo zake zilibaki vinywani mwa wenzake, na ushahidi wake pekee ni jina lililoandikwa kwa penseli katika daftari la kikundi, ukurasa wake utaishia mistari miwili, na mhariri makini ataufuta. Aya humsitiri vizuri zaidi, tena matunzo yake ni machache.

Katika kupatikana, hata hivyo, ukurasa unashinda waziwazi: mjukuu anayetafuta jina la bibi yake hulikuta jina, si historia ya kikundi kizima. Hilo naliona zito, maana wanawake hawa wamefichwa vya kutosha nyuma ya majina ya vikundi.

Mwenye vyanzo viwili huru vinavyomweleza mtunzi kwa kina na aanzishe ukurasa. Mwenye simulizi za familia tu aanze na aya, huku akiwarekodi wazee wangali hai.