Kabla ya kununua nyuzi za sampuli, uliza noti inachelewa kiasi gani

Nyuzi za sampuli ni vayolini, selo na wenzao waliorekodiwa noti moja moja, ukazicheza kwa kibodi ndani ya kompyuta. Demo moja, yaani wimbo wa kuonyesha bidhaa, ndiyo iliyoniponza. Selo zilikuwa zinalia mpaka mwili ukasisimka. Nikalipa, nikangoja gigabaiti zishuke, nikacheza juu ya ngoma zangu: kila noti ya legato (noti zinazounganishwa bila kukatika) ikawa inakuja kama mtoto aliyeitwa mara mbili. Aliyetengeneza ile demo alishaziwahisha noti zote kwa mkono. Hilo hakulisema.

Uzuri wa sauti siujadili, wengi siku hizi wanarekodi vizuri. Mimi nauliza kuchelewa tu. Kwenye legato unasikia kwanza mpito kutoka noti ya zamani, ndipo mpya ifike. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kuchelewa milisekunde 250 ni nusu pigo nzima! Tena legato huchelewa kivyake na pizzicato (nyuzi zikidonolewa kwa kidole) kivyake, kwa hiyo hata ukiiwahisha trak yote hujapona.

Kwa makundi madogo ya nyuzi, ya kwanza kwangu ni Chamber Strings ya kampuni ya VSL (Vienna Symphonic Library), na sifichi kwamba naipendelea. Vayolini 6, viola 4, selo 3, besi 2, zilizorekodiwa Silent Stage, chumba kikavu chenye mwangwi mdogo. Ukibonyeza, inaitika. Wanaolalamikia ukavu wake siwaelewi: mwangwi unaongezwa wakati wowote, kuutoa ndiyo kazi.

Inafuata Chamber Strings ya kampuni ya Spitfire, wapigaji 16 ndani ya Lyndhurst Hall, London, jengo lililokuwa kanisa. Kwa nyimbo za taratibu ni tamu sana, ila ukumbi umo ndani ya kila noti, utake usitake.

Cinematic Studio Strings ina vayolini za kwanza 10, kwa hiyo si kundi dogo hasa. Legato yake ya kawaida huchelewa milisekunde 333, 250 au 100 kulingana na nguvu ya kidole. Ni nyingi, lakini angalau zinajulikana, unapanga hesabu zako.

Za bure? LABS, mkusanyo wa sauti za Spitfire, kwa kuchorea wazo tu.

Wauzaji nao! Wengi wanakata bei kila Novemba; sasa ile kamili ni ya nani? Ukishapakua, mara nyingi hakuna kurudishiwa pesa, na leseni nyingi huruhusiwi kumuuzia mwenzio. Zile selo zangu bado zimejaza diski. Siwezi kuziuza, na kuzifuta roho inauma.