Namba za wagumu, kalenda ya safari na picha za mlimani: mwaka mzima wa kusinki simu na laptopu nikiwa hapa Moshi

Habari zenu wadau. Mi nipo Moshi, kazi yangu ni kupanga timu za kupandisha wageni Kilimanjaro. Yani mgeni akishalipia safari yake mi ndo natafuta mwongozaji, wasaidizi wake, mpishi na wagumu wa kubeba mizigo, afu naandika nani anapanda lini na kwa njia gani. Kazi yote iko kwenye vitu vitatu: namba za simu, tarehe, na picha. Vyote vilikua kwenye simu moja mfukoni mwangu na mahali pengine popote havikuwepo.

Mwaka juzi mwezi wa tisa, msimu umechanganya kwelikweli, simu ilichomolewa kwenye Hiace natoka Machame. Laini nilirudishiwa siku hiyohiyo nikanunua simu nyingine nikajua yameisha, kumbe kwenye laini kulikua na namba kama 60 tu za zamani, zile zingine karibu 400 zilikua kwenye memori ya simu yenyewe na zimeondoka nayo. Safari iliyofuata nikaita waliokua wanajulikana na wenzangu, na iliyofuata hivohivo. Baada ya wiki tatu nimeshuka getini Machame namkuta mgumu mmoja niliefanya nae kazi toka anaanza, amesimama nje na wale wanaosubiri kama kuna kundi limepungukiwa mtu. Akanisogelea pembeni akaniuliza, "Kaka, kwani nimekukosea nini?" Sikua na jibu la kumpa zaidi ya kumwambia namba yako nimeipoteza. Wiki tatu za msimu kwa mgumu ni safari mbili au tatu, na hizo ndo ada ya shule na mahindi ya nyumbani. Nilirudi mjini siku ile nikasema hiki kitu hakitajirudia tena.

Kwahiyo haya ni matumizi ya zaidi ya mwaka mmoja sasa. Simu yangu ni Android ya kawaida, laptopu ni ya mtumba yenye Windows. Natumia akaunti ya Google kwa namba na kalenda, Thunderbird (programu ya barua pepe) kwenye laptopu kuvisoma hivo viwili, na Syncthing kwa picha. Hela ya programu sijalipa hata mia.

Nianze na namba maana ndo zinaniuma. Ukisevu namba mpya simu huwa inauliza ihifadhi wapi: kwenye laini, kwenye simu, au kwenye akaunti. Wengi tunabonyeza ya kwanza tunayoiona na simu inalikumbuka hilo jibu, kuanzia hapo kila namba inaenda hukohuko bila kukuuliza tena. Ndo kilichonikuta mimi. Unaweza ukawa umewasha kusawazisha (ndo kusinki kwenyewe), kialama cha kijani kinawaka, na bado namba zako zote mpya hazitoki nje ya simu kwa sababu kinachosinkiwa ni zile zilizowekwa kwenye akaunti tu. Ingia kwenye programu ya majina, setingi, tafuta sehemu ya akaunti ya kuhifadhia majina mapya, weka akaunti yako. Ni dakika moja hiyo kazi, ifanye leo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Za kwenye laini nazo zihamishe. Laini inakata majina marefu, mtu nilimuandika "Emanuel Mpishi Marangu" kule amebaki "Emanuel Mpishi", na mi akina Emanuel ninao saba.

Nilivoanza kukusanya upya niliomba majina kwa wenzangu watatu, wakanitumia mafaili ya vcf (hayo ndo mafaili ya majina, simu na kompyuta yoyote inayasoma). Nikayaingiza yote kwa pamoja. Ikawa fujo, mtu mmoja yupo mara tatu, moja inaanza na sifuri, nyingine na +255, nyingine ina jina la utani. Kwenye kompyuta ukurasa wa majina wa Google una sehemu inayokuonyesha yanayofanana ili uyaunganishe, na mi kwa haraka nikakubali yote bila kusoma moja moja, ikabidi nije kugundua baadae kwamba Emanuel wa Rau na Emanuel wa Kiboriloni wamekua mtu mmoja mwenye namba nne. Kilichonisaidia ni kwamba kuna sehemu ya kurudisha orodha nzima ilivyokua siku za nyuma, mwisho siku 30. Nikarudisha ya jana yake, nikakaa jioni nzima nikaunganisha mmoja mmoja. Hiyo kazi ifanyie kwenye kompyuta, skrini ya simu ni ndogo unachoka haraka afu unaanza kubonyeza tu.

Sasaivi kila namba naiandika kwa +255, na kila mtu namuwekea lebo: wagumu, wapishi, waongozaji, madereva. Nikitaka wagumu wa njia ya Lemosho nafungua lebo nawaona wote, hamna cha kuita yuleyule kila siku kwa sababu jina lake linaanza na A na ndo la kwanza kuliona. Hili la mwisho sikulitarajia kabisa ila nadhani ndo faida kubwa kuliko zote, kuna watu walikua chini kabisa ya orodha yangu ambao mwaka huu wamepanda mlima mara nyingi kuliko miaka yote niliyowajua.

Thunderbird nimeipendea kitu kimoja, majina na kalenda inavihifadhi kwenye laptopu. Bando likiisha bado nafungua naona nani yuko mlimani na namba ya mke wake ni ipi. Kuiunganisha ni kuingiza akaunti yako ya barua pepe, yenyewe inakuuliza kama unataka na kalenda na majina, unakubali, basi.

Kalenda sasa. Safari ya mlima sio tukio la saa moja. Njia ya Machame ni siku sita au saba, Marangu tano au sita, Lemosho saba au nane. Naandika kila safari kama tukio la siku nzima linaloanzia siku ya kuingia getini mpaka siku ya kushuka, kila njia na rangi yake, kwahiyo nikiangalia mwezi mzima naona kabisa rangi mbili zimepandiana na mpishi hawezi kuwa kwenye zote mbili. Zamani hili nilikua naligundua usiku wa kuamkia safari. Dereva nimemshirikisha kalenda ya kupokea wageni, yeye anaona tu, hawezi kubadilisha.

Lakini kuna siku ilinitoa jasho. Laptopu yangu ilitokea Uingereza, na alieniuzia alisogeza saa tu ili isome kama ya hapa, ile sehemu ya ukanda wa saa akaiacha London. Kwa macho huwezi kujua, saa ya ukutani na ya laptopu zinalingana. Januari nikaandika kwenye laptopu mgeni anatua uwanja wa ndege wa KIA saa mbili na robo usiku. Laptopu ikaelewa ni saa mbili na robo ya London, ikatuma kwenye akaunti, simu ya dereva ikaibadilisha kuwa saa ya hapa, ikasoma saa tano na robo usiku. Tupo masaa matatu mbele yao wakati wa baridi lao, na mawili wakati wa joto maana wenzetu huwa wanasogeza saa zao mwezi wa tatu na wa kumi, sisi hatusogezi. Mgeni alikaa uwanjani mpaka akapiga simu mwenyewe, dereva hata hajatoka Moshi. Mama mtu mzima amesafiri siku nzima anakaa juu ya begi lake hajui kama anakuja kuchukuliwa au ametapeliwa. Nilimuomba msamaha na namuomba tena hapa.

Kwahiyo kama laptopu yako ni ya mtumba, kabla hujaandika chochote kwenye kalenda ingia setingi za saa uangalie imeandikwa ukanda gani. Unatakiwa uone Nairobi au Dar es Salaam, UTC+3. Na nimejiwekea utaratibu, nikiandika kitu cha KIA kwenye laptopu nakifungua na kwenye simu hapohapo nione kama saa ni ileile.

Upande wa picha. Wageni wanapenda kupigwa picha, waongozaji wananitumia, na mi napiga getini wakiingia na wakishuka geti la Mweka. Safari moja na video zake inaweza kula GB nane. Huko Google unapewa GB 15 za bure na hizo zinagawanywa na barua pepe na mafaili mengine yote, ile ya kupakia picha bila kikomo iliisha Juni 2021. Zikijaa hata barua pepe haziingii, na mi barua pepe ndo mgeni mwenyewe huyo. Na bando la kupandisha GB nane kila wiki nalitoa wapi. Nikaamua picha zisipite intaneti kabisa.

Hapo ndo nikakutana na Syncthing. Ni programu ya bure, ipo toka 2013, inapeleka mafaili moja kwa moja kutoka simu kwenda laptopu bila kuyaweka kwa mtu wa kati. Vyombo viwili vikiwa kwenye waifai moja vinatafutana vyenyewe. Hata ruta ikiwa haina bando hata kidogo inafanya kazi, kwa sababu safari yote ni kutoka mezani kwenda mezani. Unafungua kwenye laptopu, inakuonyesha QR kodi, unaiskani kwa simu, unakubali pande zote mbili, unachagua folda. Mara ya kwanza nilikua na GB 31, ilichukua kama masaa matatu na nusu, katikati umeme ukakatika ruta ikazima, uliporudi ikaendelea ilipoishia. Sasaivi nikiingia nyumbani nikavua viatu picha zinakua zimeshaanza kwenda. Wa Android mfahamu kwamba ile apu rasmi ya zamani ilisimamishwa mwishoni mwa 2024, tunaoendelea tupo kwenye Syncthing-Fork.

Mawili ya kuangalia. La kwanza, simu nyingi zinaua programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kutunza betri. Yangu ilikua inaiua kila nikizima skrini, nikawa nafikiri haifanyi kazi. Ingia setingi za betri uitoe hiyo apu kwenye kubanwa, na ndani ya apu yenyewe uweke itumie waifai tu isije ikagusa bando.

La pili sikilizeni vizuri. Kusinki sio bakapu. Kusinki maana yake pande mbili ziwe sawa, kwahiyo ukifuta huku na kule inafutika, programu imetii tu. Nilifuta picha za kundi zima kwenye simu nipate nafasi nikijua zipo kwenye laptopu, kesho yake nafungua laptopu hazipo. Zilikua za baba na binti yake waliofika kilele cha Uhuru pamoja, mita 5,895, mzee ana miaka 67. Nilizipata kwa sababu mwongozaji alikua bado anazo kwenye simu yake, si kwa akili yangu. Toka siku ile kwenye laptopu nimewasha ile sehemu ya kutunza matoleo ya nyuma, upande mwingine ukifuta yenyewe inalitupa faili kwenye kapu la taka badala ya kulipoteza, na kila safari ikiisha nanakili picha zake kwenda diski ya nje ambayo haisinkiwi na kitu chochote, inakaa kabatini. Namba nazo hivohivo, kila mwisho wa mwezi natoa faili la vcf naliweka kwenye hiyo diski, na kalenda natoa faili la ics.

Pia picha za pasi za kusafiria msiziweke kwenye folda inayoenda kwenye kompyuta ya ofisi wanayoshika watu sita. Mgeni amekuamini na hicho kitabu chake. Mi nina folda yake peke yake haiendi popote, na kibali kikishatoka nafuta.

Kama hutaki mambo mengi, waya wa USB bado unahamisha picha vizuri tu na wala sio ushamba. Shida yake ni kwamba inabidi ukumbuke, na mi mwezi wa nane sikumbuki hata kula.

Yule mgumu wa Machame amebadilisha laini mara mbili toka wakati ule. Juzi kapita ofisini kunipa namba mpya, mi nikaiandika kwenye laptopu, nikamwambia subiri kwanza usiondoke, nikatoa simu, nikafungua lebo ya wagumu, nikampigia nikiwa nimekaa palepale. Ikaita mfukoni mwake. Jumamosi anaingia geti la Londorossi na kundi la siku nane.