Spicebomb: chupa ya bomu, roho ya babu

Nianze na chupa maana ndo inayodanganya watu. Spicebomb, pafyumu ya kampuni ya mitindo ya Viktor & Rolf imetengenezwa kwa umbo la guruneti kabisa, mpaka pini ya kuchomoa ipo, yaani ukiiona tu kichwani unapata picha ya mwenye nayo: mtu wa makeke, anaongea na simu kwa spika, akiingia sehemu lazima mjue ameingia. Mi niliiona hivyo hivyo. Ilikaa kwenye meza ya kaka angu miezi sijaigusa, siku moja ya kwangu imeisha na nimechelewa, nikajipulizia ya kwake ili mradi tu nisitoke hivi hivi. Toka siku hiyo chupa imehamia chumbani kwangu na radhi sijaomba.

Ndiyo, imeandikwa ya kiume, najua. Kwanza hilo wazo la bomu walianza nalo kwa wadada, Flowerbomb ilitoka 2005 na mmoja wa walioitengeneza ni Olivier Polge, halafu huyo huyo Polge ndo kaja kuitengeneza hii ya 2012. Kwa hiyo ni ndugu, mimi nimevuka tu upande wa pili wa familia.

Sasa harufu. Dakika za mwanzo kuna balungi, bergamoti (tunda la jamii ya machungwa) na zile pilipili za pinki, na ina ukali fulani kama mtu kakukamulia ganda la chungwa karibu na jicho. Hapo jina la bomu linastahili, sibishi. Ila vumilia, usikimbilie kuhukumu kwenye karatasi ya kunusia dukani, maana hivyo vya juu ni vyepesi vinaruka mapema, baada ya robo saa hivi mdalasini unaingia na hapo ndo stori inaanza. Na sio mdalasini wa keki, wenye sukari sukari, hapana, ni gome lenyewe ukilivunja kwa vidole, kavu, na kavumbi kake. Nyuma yake kuna zafarani ambayo kwenye pafyumu huwa haipigi kimapishi, inanukia kama ndani ya mkoba mpya wa ngozi. Halafu chini kabisa tumbaku, na tuelewane hapa, sio sigara, ni jani kavu ambalo halijaona moto, lina utamu wa mbali kama asali iliyobaki kwenye kifuniko.

Watu wakisema pafyumu ya joto wengine wanadhani ni maneno ya matangazo tu. Mdalasini una kemikali inayochokoza mishipa ya fahamu ya usoni, ile ile inayokuambia pilipili inawasha, ndo maana ukinusa unahisi kama kuna kitu cha moto kimesogezwa puani. Sio akili yako inakuchezea.

Haya, kuhusu tabia, maana hapo ndo nina ugomvi na wanaoisifia. Wengi wanaiuza kama pafyumu ya mbabe, ya mtu wa kuteka watu. Mi siku ya kwanza kwenda nayo kazini, kuna mama mmoja tunakaa naye meza za jirani, nimepita tu kumsalimia akaniangalia akasema, "Mwanangu, leo nani kakuudhi?" Nikacheka, nikamwambia hamna mama, ni unyunyu tu. Akanyamaza. Kama saa tatu baadaye tumeinamia faili moja, akageuka taratibu akaninusa begani bila aibu yoyote, "We, si ndo ile ya asubuhi? Mbona sasa hivi unanukia kama kabati la babu." Na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, maana alibaki hapo hapo, faili tumeshamaliza na kiti chake hajarudisha.

Yule mama kanimalizia kazi ya hii rivyuu kwa kweli. Hii pafyumu ni mtu mpole ambaye mwanzoni unadhani ana maringo. Unawajua watu hao. Ukikutana naye mara ya kwanza anajibu kwa mkato, uso mkavu, unaondoka unasema huyu naye anajiona nani, kumbe mwenzio haya tu zinamsumbua, mpe nusu saa azoee ndo utamjua, anakumbuka jina la mtoto wako, anakumbuka uliumwa mwezi gani, anaongea kwa sauti ya chini mpaka we mwenyewe unavuta kiti usikie. Mbabe gani anavutiwa kiti? Mbabe anasogezewa ukuta.

Mimi mwenyewe ni wa kundi hilo ndo maana labda naitetea sana. Mtu mchangamfu kupita kiasi akiivaa naona kama wanagombana, yeye anakimbia pafyumu inakaa. Lakini hayo ni macho yangu, au tuseme pua yangu.

Matumizi: mipulizo miwili, moja shingoni na moja kifuani ndani ya nguo, basi. Mimi nilishawahi kupiga sita kwa sababu nilidhani imeisha nguvu, kumbe pua yangu ndo ilikuwa imeizoea tu, hiyo inamtokea kila mtu na kila pafyumu, we husikii ila wenzio wanasikia vizuri sana. Kwenye lifti siku hiyo jamaa mmoja alishuka ghorofa ambayo nina uhakika haikuwa yake. Kosa langu, sio la chupa. Ngozi kavu ipake mafuta yasiyo na harufu kwanza, itashika zaidi. Na jua kali sio rafiki yake, saa sita mchana ule mdalasini unapanda wote kwa mpigo na ule upole hauusikii tena, iache ya jioni, mvua na baridi. Kwangu baada ya masaa matano mpaka sita inakuwa imeshuka iko karibu na ngozi, ambayo kwa eau de toilette, yaani pafyumu isiyokolezwa sana, mi sioni tatizo, ila kwenye sweta ni habari nyingine, nimevaa sweta Jumatatu, Ijumaa nalitoa kwenye ndoano bado tumbaku ipo pale kwenye kola.

Kuna mdogo wake, Spicebomb Extreme ya 2015, hiyo ni pilipili manga, tumbaku na vanila nyingi. Wengi wanaipenda kuliko hii na naelewa kwa nini, imenona, haina zile haya za mwanzo, inakukumbatia hapo hapo mlangoni. Mi sasa mtu wa kunikumbatia mlangoni hatujajuana ananipa wasiwasi. Kama unataka sifa za haraka chukua hiyo. Kama una subira chukua hii ya kwanza.

Nikipewa kumi naipa nane na nusu, ile moja na nusu nimeikata kwa ajili ya guruneti. Imebaki kama vidole viwili chini ya chupa, na kaka ameshaanza kuuliza mbona chumba changu kinanukia kama yeye.