Nimelipia mafunzo ya kuongoza timu, nimeambulia "ongeza watu"

Bado nina hasira, mnivumilie. Kabla msimu wa korosho haujachanganya nilikabidhiwa vijana watatu niwaongoze, tuna chumba chetu hapa Chikongola, Mtwara. Tunatengeneza programu ya chama cha msingi: korosho zikishapimwa, mkulima anapata ujumbe wa kilo zake kwenye simu. Mimi kuongoza watu sijawahi, nikalipia mafunzo ya mtandaoni ya viongozi wapya. Laki moja na nusu, na si ya kuokota.

Masomo yenyewe siyasemi. Nasema ile siku ya maswali. "Mwalimu, tumechelewa wiki tatu, na katibu wa chama kila akija ana jipya lake. Nifanyeje?" Hakuuliza jipya gani. Hakuuliza nani anafanya nini. "Ongeza watu wawili, dada. Haya, mwingine."

Nikaongeza. Yule kijana wangu mkali kuliko wote akageuka mwalimu wa chekechea, kutwa anawaonyesha wageni kitu gani kiko wapi. Hesabu kila watu wawili njia moja ya kuulizana: tulipokuwa wanne, njia zilikuwa 6. Tulipofika sita zikawa 15! Kumbe Fred Brooks, Mmarekani aliyesimamia OS/360, ile programu ya kuendesha kompyuta kubwa za IBM, alishaandika tangu 1975 kwamba kazi ya programu iliyochelewa ukiiongezea watu inachelewa zaidi. 1975, mama yangu hajaolewa.

Nikampigia mkufunzi, kwa adabu kabisa. "Dada, hayo ya Wamarekani. Na nyie wa korosho, programu mnaziweza kweli?" Halafu akacheka. Nilikata simu, nikatoka nje, nikala kipande cha pweza nimesimama ili nisiseme neno la kujutia.

Sasa nisiwe mwongo. Ubao wa kazi alitufundisha yeye: mtu asishike zaidi ya kazi mbili kwa wakati mmoja. Tumeuchora ukutani kwa chaki. Katibu akija na jipya lake namwambia, "Sawa mzee, chagua lipi la zamani tuliondoe." Anaguna, anachagua. Wale wawili niliwarudisha kwao kwa heshima, na ujumbe ulianza kutoka minada ikiwa imeshaanza, lakini ulitoka.

Kwa hiyo nampa nyota mbili. Au tatu, kwa ajili ya ubao. Aa, kile kicheko bado nakisikia. Moja, na laki yangu na nusu naitaka.